Mafunda Matano ya Cleophace

Nyumbani kwa Cleophace Rweyemamu, pale Nyamanoro, chai haikuwa ya kunywa. Ilikuwa ya kuonja. Ukimwona mtu kaalikwa Jumapili baada ya misa, halafu anatoka saa saba mchana anatafuta maji kwa jirani, usimuulize alikuwa kwa nani.

Aliyechemsha ni mkewe, Kemilembe. Mume anaonja, mke anachochea kuni. Ilikuwepo chai ya mchaichai, aliouotesha Kemilembe mwenyewe nyuma ya bafu. Ilikuwepo ya tangawizi, ya mdalasini na ya iliki. Halafu lilikuwepo kopo moja kutoka Kisumu, majani yake yananukia maganda ya machungwa, lililovuka ziwa kwa njia ambazo hatutazitaja. Kopo hilo Cleophace alilifungia kabatini pamoja na cheti chake cha ubatizo, na ufunguo akauvaa shingoni.

Sukari? Sukari ipi! Ilikuwa miaka ya foleni. Vita vya Kagera vimekwisha, na sukari nayo imekwisha. Unaipata kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, nayo robo kilo, na robo yenyewe ina sisimizi. Wenzake waliguna. Cleophace akaigeuza dhiki kuwa elimu. "Sukari ni ya watoto," alisema. "Mtu mzima mwenye ulimi anakunywa kavu." Lakini siku duka la ushirika likishusha magunia, wa tatu kwenye foleni ni yeye, na mifuko miwili.

Alikuwa na daftari la maksi. Kila Jumapili anavuta chai kwa kijiko, fyuuu, anaisukutua huku na huku kama mtu aliyeng'olewa jino, anatazama dari, kisha anaitema kwenye beseni na kutoa hukumu. Na hukumu zake, mama yangu! "Hii ya iliki ina dalili za ubepari." "Hii ya mdalasini inaanza vizuri ila haina msimamo." Mchaichai wa mkewe haukuwahi kuvuka maksi arobaini na moja. Miaka tisa, arobaini na moja. Kemilembe angeweza kuibadili ile chai akaweka majivu, na alishafikiria kufanya hivyo.

Ukimuuliza Cleophace ujuzi huo aliupata wapi, anakuelekeza kwao Bukoba, enzi za mkoloni, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akipima majani ya chai kabla ya kusafirishwa. "Miaka mitatu nilikuwa kwenye uonjaji," anasema, na hapo anafumba macho kidogo ili umheshimu.

Baada ya uhuru akawa karani wa mizani wa pamba. Walimpeleka Magu, akakaa miaka minne na familia yake, na kwa miaka minne hiyo hakujifunza hata kumwamkia mtu kwa Kisukuma. Kemilembe ndiye aliyekwenda kwenye misiba yao, harusi zao na ngoma zao za mavuno. Yeye alisema anaumwa miguu. Kisha wakahamia Mwanza mjini, miguu ikapona.

Sasa huyo ndiye baba wa Josepha, na shida yote ilianzia hapo.

Josepha alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi kule Buswelu, binti mtulivu mwenye maneno machache makali. Alipendwa na Maige, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Msukuma wa Magu. Kemilembe alimjua Maige siku Josepha alipolazwa na malaria. Kijana alikuwa amempakia kwenye baiskeli kutoka Buswelu, njia nzima anasukuma kwa miguu maana mnyororo ulikatika, na akakaa nje ya wodi siku mbili bila kuomba hata maji. Mama akamtazama akasema moyoni, huyu. Alimpenda kijana yule waziwazi, kama mwanawe wa kumzaa.

Barua ya posa ilipokuja, Cleophace aliisoma akaishika kwa vidole viwili. "Magu!" akasema. "Watu wanaokunywa maziwa ya mgando kwenye kibuyu! Mimi nitoe mtoto kwa watu wasiojua iliki na mdalasini?"

"Wewe ulioa iliki?" Kemilembe akamuuliza.

Cleophace akawaandikia waje Jumapili, atawapa jibu. Na jibu lake alikwisha kulipanga, hata akamfanyia mkewe mazoezi Jumamosi jioni, kasimama katikati ya sebule. Atawawekea vikombe vitano. Ataonja kwanza yeye, wao waonje baadaye na kumwambia kipi ni kipi. Watashindwa. Hapo atasema kwa upole: "Wazee wangu, binti huyu amelelewa kwenye nyumba ya ladha. Tusimtese." Basi, posa imekataliwa na wageni wamefundishwa ustaarabu kwa nauli yao wenyewe. Na ili neno lisigeuzwe baadaye, akamwalika na balozi wao, Ndugu Chenge, awe shahidi. Kwa desturi yao, baba akishatamka mbele ya shahidi, limetamkwa.

Usiku huo Josepha alimwambia mama yake, "Mama, baba akikataa sitatoroka. Sina tabia hiyo. Nitakaa hapahapa nizeeke, anipe na mimi maksi." Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililomuumiza Kemilembe. Alfajiri alikuna tangawizi nzima, mzizi mkubwa kama kiganja, akautumbukiza wote kwenye birika kwa hasira.

Wageni walifika na basi la saa nne. Mzee Ngosha, baba yake Maige, alikuja na kofia ya pama na jogoo mkononi. Dada yake Ngosha, Kija, alibeba kichwani mchele wa Magu, na Maige akawafuata nyuma. Josepha akapiga magoti. "Shikamoo mzee. Shikamoo shangazi." Shikamoo zake wakaziitikia kwa furaha. Kemilembe akawaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" wakashangaa, wakacheka, wakamshika mikono. Cleophace akawaambia, "Karibuni, viti vipo," akamtazama jogoo kama karatasi isiyo na mhuri.

Balozi Chenge akakaa pembeni, suti yake ya Kaunda imenyooshwa. Sinia likaletwa. Vikombe vitano, na mbele ya Cleophace beseni jeupe la bati, Josepha kapiga magoti akilishika.

"Ndugu zangu," Cleophace akaanza, "kabla ya maneno yetu kuna jambo la nyumba hii. Tazameni kwanza. Maelezo baadaye."

Lo, laiti angeanza na maelezo!

Akavuta ya kwanza, ile ya kopo la Kisumu. Fyuuu. Akasukutua. Akatazama dari, kisha akafura mashavu na kuipuliza, pfuuu, marasharasha kwenye beseni mbele ya binti yake.

Mzee Ngosha akamtazama dada yake. Taratibu, akavua kofia.

Kemilembe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Aliiona ile kofia ikishuka, akaelewa. Yeye alikuwa kwenye zile harusi za Magu. Aliwaona wazee wao, ukifika wakati wa kumtakia mtoto heri, wanavyopiga funda la maji au la togwa na kumpulizia aliyepiga magoti mbele yao. Hiyo ndiyo baraka yao, hakuna nyingine inayoizidi. Na sasa hapa kuna baba wa binti, siku ya jibu la posa, bila kuombwa, mbele ya shahidi, anampulizia binti yake aliyepiga magoti! Mungu wangu.

Angeweza kumshtua mumewe. Tuseme kweli, aliliwaza hilo kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akamwambia Maige kwa sauti ya mama mwenye nyumba, "Baba, msaidie mwenzio. Beseni hilo likijaa linakuwa zito."

Maige akaondoka kitini, akapiga magoti kando ya Josepha, wakalishika wote wawili.

Cleophace hakuona kitu. Mtu akijisikiliza mwenyewe huwa haoni. Akavuta ya iliki, pfuuu. Kija akaweka mkono kifuani, machozi yanamlenga. Akavuta ya mdalasini, pfuuu. Balozi Chenge, naye Msukuma wa Usagara huyo, akasimama wima kama anasikia wimbo wa taifa. Akavuta mchaichai. Hata hapo alipata nafasi ya kukunja uso, arobaini na moja ile ile, pfuuu.

Ikabaki ya tangawizi. Akavuta kijiko kilichojaa, na mzizi ule wa alfajiri ukamkamata kooni bila huruma. Macho yakamtoka. Akajaribu kuisukutua kwa heshima, ikakataa, na funda la tano likatoka lote kwa kishindo, likapita juu ya beseni likawaloanisha Josepha uso na Maige shati.

Kija akapiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani.

Mzee Ngosha akainuka. Akachukua kikombe mikono miwili, akapiga funda, akawapulizia wale watoto kichwani polepole, akasema maneno ya Kisukuma yaliyomfanya Maige ainamishe kichwa. Kisha akamgeukia mwenyeji wake, mikono imenyooshwa.

"Mzee mwenzangu," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia pamba tu, lakini kilitosha, "tulikuja na woga. Tuliambiwa wewe ni mtu wa dharau. Kumbe waongo! Mimi nina watoto tisa, kila mmoja nimembariki mara moja. Wewe umebariki mara tano. Na maji hukutumia, umetumia chai. Chai, miaka hii!"

"Nimeshuhudia," Balozi Chenge akasema kwa kishindo. "Yamekwisha."

"Hapana! Subirini!" Cleophace akaruka, tangawizi bado inamkaba. "Hamjaelewa! Mimi sikubariki mtu, mimi nilikuwa..." Akakohoa.

Uso wa Mzee Ngosha ukaanza kubadilika. "Hukubariki? Basi ulikuwa unafanya nini, mbele ya wageni? Ulikuwa unatutemea chai?"

Hapo Kemilembe akamsogelea mumewe, akamfuta kidevu kwa kile kitambaa cha vyombo, na akiwa karibu hivyo akamnong'oneza kwa Kihaya, lugha ya kwao. Tuliyoambiwa ni haya: "Waeleze basi. Waambie ni kazi, na uliifanyia wapi. Wakiuliza sana nitakusaidia, maana marehemu dada yako alinieleza yote."

Na hayo yote yenyewe yalikuwa haya: kwa yule Mzungu wa Bukoba, kwa miaka ile mitatu, Cleophace hakuonja hata kijiko. Mzungu ndiye aliyekuwa anaonja. Cleophace alikuwa anashika beseni la kutemea. Anashika asubuhi, anamwaga mchana, anaosha jioni. Ulimi wote ule wa kutisha watu, daftari, dalili za ubepari, vyote aliviokota kwa kumtazama mtu akitema.

Basi akawa na mawili. Aikatae baraka, na aeleze kutema amejifunzia wapi, mbele ya balozi, mbele ya Wasukuma, mbele ya binti yake aliyeshika beseni magotini. Au akubali. Alikuwa tayari kumnyima Josepha mume aliyempenda, jambo hilo halikumnyima usingizi hata kidogo, lakini kuitwa mshika beseni? Hilo hakuliweza. Debe tupu ndivyo lilivyo, linavumilia kila kitu isipokuwa kufunuliwa.

"Ndugu Cleophace," balozi akasema, "tunakusubiri."

"Nimebariki," akajibu, kwa sauti ya chini.

"Shahidi hajasikia."

"Nimebariki!"

Kigelegele kikarudi. Kija akamkumbatia Kemilembe, Kemilembe akacheka na kulia kwa pamoja, na hakuona aibu hata chembe kwa alilolifanya. Mzee Ngosha akamshika mkwe mwenzake mabega akamtikisa kwa upendo mpaka ufunguo wa kabati ukamtoka nje ya shati. Wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe, na Cleophace akawa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeota.

Wanaume walipotoka nje kumfunga jogoo, Josepha alibaki sebuleni akifuta sakafu. Chai ilikuwa bado inamchuruzika kwenye nywele. Baba yake alibaki kitini. Alikuwa ameanza kurudiwa na majivuno yake, maana mtu wa namna hiyo hachelewi, na akataka angalau ashukuriwe.

"Umeona baba yako anavyokupenda?" akasema. "Mara tano!"

Josepha akakikamua kitambaa alichokuwa akifutia, akamtazama bila hasira.

"Nilikuwa karibu kuliko wote, baba," akasema. "Nimeona unatutemea. Lakini baraka nimeichukua."

Akabeba beseni akaenda kulimwaga nje.