Chafya ya Mjukuu Wangu

Nilifanywa nyanya kwa simu. Nilikuwa nyuma ya jikoni, Roret, nikisafisha kibuyu, mwanangu akanitumia picha ya mtoto mwekundu aliyekunja ngumi. Chini yake ameandika, "Mum, ni boy." Nilipompigia hakushika. Alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko chuoni, na mama wa mtoto alikuwa msichana wa rika lake, wa huko Sigor. Hatukuwa tumeenda kwao kuposa, kwa hiyo mtoto alikuwa wa kwao. Mimi nilikuwa mtu wa kuonyeshwa picha.

Nilikasirika, sitadanganya. Mume wangu angekuwepo tungekasirika wawili, na hasira ya wawili huisha upesi. Lakini alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, nami nilikuwa naishi na redio. Nilichuma chai, nikapeleka majani kituoni, nikarudi kuitazama picha ile tena. Paji la uso lilikuwa la marehemu. Sikuwa na wa kumwambia.

Huku kwetu mtoto mchanga hutiwa ugoro kidogo puani, kisha akatajiwa wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Jina likitajwa naye akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi, na jina linakuwa lake. Kanisani tunampeleka baadaye. Nilichotaka ni kimoja tu: mume wangu atajwe. Mwanangu alisema ni jina tu, nisijisumbue. Nikampigia mama wa msichana kwa heshima zote, naye akanijibu kwa heshima zote kwamba majina yangekuwa ya kwao, ila nikitaka kuja kama mgeni, karibu.

Nikaenda na kibuyu cha mursik, maziwa yangu niliyoyagandisha mwenyewe. Kule Sigor hakuna chai shambani, ni mahindi na vumbi, na macho yangu yalikosa pa kutulia. Wanawake walinipa kiti karibu na mlango, wakanijazia kikombe, wakaniuliza kama kwetu mvua imenyesha. Mtoto alipitia mikono yote isipokuwa yangu.

Wakaanza. Nyanya wa msichana, mwanamke mkongwe ambaye wote walimwita kogo, ndiye aliyetaja. Alitaja babu, wajomba, mpaka watu waliokufa akiwa yeye bado mtoto. Mjukuu wangu akakunja uso, akapiga mwayo. Wakaongeza ugoro. Majina yakaisha, wakaanza kurudia, nami nikawa nafurahi kimoyomoyo, furaha mbaya kabisa.

Kogo akanigeukia. "Wewe mama ya kijana, kwenu hakuna watu walikufa? Taja mmoja."

Wote wakanitazama. Nikafungua mdomo. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwita mume wangu kwa jina. Mwanamke aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi hafanyi hivyo. Alikuwa baba ya kijana, alikuwa mzee, mara nyingi alikuwa "wewe" tu. Hata siku ya mazishi jina lake lilisomwa na wengine, mimi nikiwa nimeinama. Nililijua vizuri kuliko langu, lakini ulimi ulikataa.

"Baba ya kijana yangu," nikasema.

Kogo akatikisa kichwa. "Hiyo si jina, mama."

Nikajaribu tena. Nilikuwa nimelipata, nusu yake ilikuwa tayari mdomoni, lakini ugoro haungoji mtu. Mama wa msichana, nadhani kwa kunihurumia, akaingilia kwa jina la kaka yake aliyefariki, jina ambalo walikuwa wamelitaja mwanzoni kabisa. Mtoto akapiga chafya iliyomtikisa mwili mzima.

Wakacheka, wakapiga vigelegele, nami nikapiga kuliko wote, maana machozi yalikuwa karibu. Ndipo wakaniwekea mtoto mapajani. Alikuwa mzito, ana joto. Nilimwita kwa jina la mtu nisiyemjua, kwa kuwa ndilo lake sasa, na nilimpenda hivyo hivyo.

Nilifika nyumbani jioni, ng'ombe akilia akitaka kukamuliwa. Nikafungua mlango, na kabla sijavua viatu nikalitaja jina la mume wangu, lote, kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha ndani. Lilitoka bila taabu.