Nyumba ya Kuta Tatu

Watu wa Likoni waliozaliwa baadaye hawaamini nikiwaambia kwamba nyuma ya mashamba ya Bofu palikuwa na kiwanja cha kutengenezea picha za sinema. Siwalaumu. Sisi tuliofanya kazi pale pia tulikuwa na mashaka.

Wakati wa vita palikuwa kambi ya askari. Vita vilipokwisha askari wakaondoka, wakaacha mabanda matatu ya mabati, tangi la maji, na shimo refu ambalo hakuna aliyejua lilichimbwa kwa sababu gani. Serikali ikaleta watu wa picha. Banda kubwa likawa la kupigia picha za ndani. Tulizungushia kuta zake magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi ili sauti za nje zisiingie, ingawa mashine yenyewe ya kupigia picha haikuwa ikinasa sauti. Niliuliza sababu, nikaambiwa iko siku italetwa mashine inayonasa. Haikuletwa. Panya waliingia kwenye makumbi wakazaliana, na sauti zote zilizosikika mle ndani zilikuwa zao.

Banda la pili lilikuwa na chumba cha giza. Humo vipande vya picha vilioshwa kwa dawa, mkubwa wa kiwanja apate kuona kama vimeshika, kisha utepe wenyewe ukapelekwa Ulaya kumalizwa. Dawa ilitaka maji baridi, na Likoni hatuna. Kwa hiyo kila asubuhi barafu ilivushwa kwa feri kutoka kisiwani Mombasa, imefukiwa ndani ya pumba za mbao. Ilipofika kwetu ilitosha bilauri mbili. Banda la tatu lilikuwa stoo ya nguo. Mlikuwa na kofia kumi na mbili za polisi, joho moja, na meno ya bandia ambayo hayakumwenea mtu yeyote.

Mimi nilikuwa seremala. Nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kisha miaka mitatu ya shule, nikajua kuandika na kupima. Kazi yangu ilikuwa kujenga nyumba zisizokaliwa. Nilijenga duka lenye upande wa mbele peke yake. Nilijenga korti ambayo ukifungua mlango wake unatokea kwenye mihogo ya jirani. Nyumba zenyewe zilikuwa na kuta tatu, kwa sababu mahali pa ukuta wa nne ndipo mashine iliposimama, na paa liliezekwa nusu ili jua liingie. Mtu mmoja wa mtaa wa Shika Adabu alikuja kuulizia kama mojawapo inapangishwa. Nikamwambia haina ukuta wa nne. Akaizunguka, akafikiri.

"Basi kodi itapungua kidogo?"

Mkubwa wa kiwanja alikuwa Mzungu mpole, mwenye haraka. Mfasiri wake alikuwa karani wa kutoka kisiwani, mtu mwenye adabu nzuri na maneno mengi. Mwaka wa pili mkubwa akataka picha ya kufundisha usafi. Nikaagizwa kujenga nyumba mbili zikabiliane, moja ya mke mchafu na moja ya mke msafi. Nikazijenga. Zilikuwa sawa kabisa, kwa kuwa mbao zilikuwa za aina moja na fundi ni mmoja.

Mke mchafu akakosekana. Waliulizwa wanawake wa Bofu, wakakataa. Akaulizwa mama mmoja Mkristo wa Rabai aliyekuwa akifulia kiwanja nguo, akaacha kuja kazini siku tatu. Ndipo karani akaja kwetu jioni, akakaribishwa kahawa, akaanza kuzungumza na mke wangu.

"Shangazi, nimetumwa kwako."

"Mwanangu, umeona nini nyumbani kwangu hata ukaniletea mimi habari hii?"

"Sijaona kitu, ndiyo maana nimekuja. Mtu mchafu hawezi kuigiza uchafu, hajui ulipo. Wewe waujua."

Mke wangu akacheka. Karani alipoona amecheka, akaendelea. "Tena mwisho wa picha mke huyu hubadilika. Utaingia nyumba ya pili, umevaa leso mpya, uketi kitini, na chakula kimefunikwa. Mwisho wa picha ndio watu wanaokwenda nao nyumbani."

"Mimi mwenyewe nitaketi?"

"Wewe mwenyewe."

Akanitazama. Mimi nikatazama kikombe. Alikubali kwa ajili ya ile nyumba ya pili, na alisema hivyo waziwazi, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai hakuelewa.

Kazi ya nyumba ya kwanza ilichukua siku nyingi kuliko ilivyopangwa, na sababu ilikuwa yeye. Kila siku jioni mkubwa aliamuru taka zimwagwe uani. Palikuwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, akizileta kwa mkokoteni kutoka sokoni, na nadhani ndiye mtu wa kwanza katika bara yote ya Mombasa kulipwa kwa kuleta taka. Kila asubuhi mke wangu alifika mapema, akazifagia. Masufuria yaliyopakwa sukari guru ili nzi waje, aliyasugua kwa mchanga.

"Nani amefagia?" mkubwa akauliza, na karani akafasiri, ingawa hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

"Ni mimi," mke wangu akasema.

"Mwambie hapa ni pachafu. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mwambie kuna wageni," akajibu mke wangu, akionyesha mashine na watu sita waliosimama nyuma yake. "Siketi na wageni jaani."

Yule mtu wa taka ndiye aliyeumia. "Bibi, wataka nifutwe kazi?" alimwambia. "Nimesukuma mkokoteni jana kutwa. Taka nzuri hizi, maganda ya jana!"

"Zimwage kwako, mkeo afurahi."

Walipatana mwishowe kwamba taka zikae mbali naye hatua tatu na asizitazame. Ndivyo alivyopigwa picha, ameupa uchafu mgongo.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kupita haraka. Siku nne kabla ya kupigwa picha ya nyumba ya pili, karani alikuja kwenye karakana akaniambia nikate miguu ya kiti cha nyumba ya pili, inchi mbili. Nikamwambia kiti kinamtosha mke wangu, nilimpimia mwenyewe. Akatazama mlangoni.

"Atakayeketi ni mwingine, fundi. Mfupi kidogo. Mkubwa anasema mke mmoja akiwa mchafu kisha akawa msafi, watu watachanganyikiwa. Anataka wawe wawili."

"Umemwambia mke wangu?"

"Nilidhani utamwambia wewe."

Nikakata miguu. Siku nne nilirudi nyumbani nikamkuta anajitayarisha. Alisuka nywele. Alinunua leso doti nzima, akaifua mara moja ili isikakamae. Nilikula, nikalala, nikaamka, nikaenda kazini. Niliogopa kwamba atafanya zogo, mkubwa atakasirika, nami nitarudi kutengeneza vitanda na majeneza kama zamani. Sina sababu nyingine bora kuliko hiyo, na nimeitafuta.

Siku ya siku alifika, akamkuta mwanamke mgeni ameketi kitini, na mkono wake uko juu ya kawa la chakula. Mke wangu alisimama pale palipokosekana ukuta. Akasema, "Kumbe." Akageuka, akarudi nyumbani.

Usiku huo aliniuliza kama nilijua.

Nikamwambia sikujua.

Hakuuliza tena. Miezi saba baadaye, wakati wa masika, alishikwa na kichomi. Tukamvusha kwa feri hadi hospitali, akakaa siku mbili, akafariki. Karani alikuja matangani, akakaa nasi siku zote tatu, akachota maji kama mtu wa nyumbani. Picha ilikuwa bado haijarudi kutoka Ulaya. Mke wangu hakuiona.

Iliporudi, gari la sinema likazunguka nayo bara, na karani ndiye aliyesoma maneno kwa kipaza sauti. Ilianzia kwetu. Tulitandika majamvi kiwanjani baada ya sala ya isha, kitambaa cheupe kikafungwa kati ya minazi miwili, na mke wangu akatokea, mkubwa kuliko alivyokuwa, akiinama juu ya sufuria. Sikuwa na picha yake nyingine. Karani akasoma, "Mtazameni mwanamke huyu mchafu." Mwanamke mmoja wa Bofu akasema "Mwongo" kwa sauti ya kutosha kusikika.

Walipokuwa wakikunja kitambaa nikamwendea karani.

"Sikuombi mengi," nikamwambia. "Lakini mtu aliyefariki hatajwi hivi hivi. Mwite marehemu."

Akaona haya. "Kweli, fundi. Nimekosa adabu. Maneno yameandikwa, lakini hilo nitalitia."

Akalitia. Wiki iliyofuata nilipanda feri, kisha nikaenda Changamwe kuitazama tena. Kiwanja kilijaa watu wa reli na wa bandarini. Mke wangu akatokea, nzi wakatokea, na karani akasoma taratibu, "Mwanamke huyu, marehemu, Mungu amrehemu, hafuniki chakula chake."

Kiwanja chote kikashusha pumzi.

"Alaa! Kumbe alikufa?"

"Na asife? Huwaoni nzi wale?"

"Inna lillahi. Na bado kijana."

"Mama nanihii, kesho ile pipa yako uifunike, wallahi!"

Karani akashusha kipaza sauti. Bwana afya alikuwapo. Alisema hajapata kuona watu waliosikiliza vile. Akaandika barua, na baada ya barua hiyo neno marehemu likawa la lazima kila picha ilipoonyeshwa, na karani akaagizwa anyamaze kidogo baada ya kulitamka. Alinieleza hayo feri ikivuka, bila kunitazama usoni. Mke wangu ambaye alifagia hata jaa la serikali akawa amekufa kwa uchafu, na aliyelileta neno ni mimi.

Nilikwenda Kisauni nikiwa nimeamua kusema. Si mzoefu wa kusema mbele ya watu. Nilikaa karibu na kitambaa, nikangoja. Karani akafika kwenye marehemu, akanyamaza kama alivyoagizwa, na katika kimya kile nikasimama. Kivuli changu kikapanda juu ya kitambaa, kikamfunika mke wangu hadi kifuani.

"Hakufa kwa uchafu," nikasema. "Alikufa kwa kichomi. Alikuwa msafi."

"Keti, ami, watuziba!" mtu akapaza sauti nyuma. Wengine wakacheka. Mmoja akauliza kama mimi ni sehemu ya picha.

Lakini mwanamke aliyekaa jamvi la mbele, mtu mzima, mwenye leso ya kisutu, hakucheka. "Wewe wamjuaje?"

"Mke wangu."

"Mkeo! Mbona ulimweka nyumba kama ile?"

"Niliijenga mimi. Si nyumba. Ina kuta tatu. Nzi walipakiwa sukari guru." Picha ilikuwa ikiendelea juu ya kanzu yangu. Nilitazama nyuma nikaona tumekwisha fika nyumba ya pili, na yule mwanamke mwingine ameketi. "Pale ndipo alipoahidiwa kuketi yeye," nikasema. "Alikubali yale mengine kwa ajili ya pale. Mimi nilijua haketi. Kile kiti nilikikata miguu kwa mkono wangu, nikanyamaza siku nne. Aliponiuliza nilimwambia sikujua."

Hayo sikuwa nimekwenda kuyasema. Nilikuwa nimekwenda kusema habari ya kichomi tu.

Mwanamke alinitazama, mwanga wa mashine ukicheza usoni pake.

"Akafa hajui?"

"Akafa hajui."

"Basi mchafu ni wewe," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. "Haya, keti, watuzibia."

Akanisogezea ukingo wa jamvi, nikaketi.