Amina Iliyomtoka Nasambu

Katika kanisa moja dogo la eneo la Kwanza, hakuna mama aliyesoma Biblia kwa sauti tamu kama Nasambu. Alisimama mbele, akafungua mahali palipotiwa uzi mwekundu, akasoma bila kukwama hata neno moja. Watu hawakujua kwamba Nasambu hakuijua hata herufi a. Kila Jumamosi jioni binti yake Agneta alimsomea somo la kesho, naye akalirudia huku akisonga ugali, mpaka lote likakaa kichwani.

Nje ya nyumba ile aliyejua ni mtu mmoja tu, Wilkista, jirani wa ng'ambo ya ua. Wote wawili walizaliwa Bungoma, wakaolewa Kwanza mwaka mmoja, na kila msimu walipukuchua mahindi pamoja. Siku moja, vidole vikiwa vinauma, Nasambu alimfungulia moyo. Wilkista hakucheka. Alimshika mkono, akasema hilo litabaki hapo hapo kwenye magunzi. Na kweli, lilibaki miaka minane.

Ikaja Mei 1987, mwezi wa kuchagua kiongozi wa akina mama. Majina yalikuwa mawili: Nasambu, na huyo huyo Wilkista. Alhamisi kabla ya uchaguzi walikutana kwa maombi, kila mmoja akitaja hitaji lake. Wilkista alifumba macho, akaanza kwa upole.

"Bwana, tunamleta kwako dada yetu Mama Agneta. Wewe unajua hajui kusoma, na hilo linamtesa. Mfungue, Baba. Asikariri tena mbele ya watu."

Wanawake wakaitikia amina. Mmoja akafungua jicho, kisha wa pili. Nasambu alibaki amepiga magoti, masikio yakimwaka moto. Utamgombezaje mtu anayekuombea? Utasemaje amekusengenya, na maneno yenyewe ameyaelekeza mbinguni? Jumapili Wilkista alichaguliwa, na Nasambu akasikia mtu nyuma yake akinong'ona ati kumbe Mama Agneta ni kaseti.

Akaacha kusoma. Akaacha pia kupita kwa jirani. Chumvi ikiisha alikwenda mpaka dukani, kwenda na kurudi saa nzima, wakati zamani alinyoosha tu kikombe juu ya ua. Kilichomuuma si kiti cha uongozi. Alikuwa na rafiki mmoja, na sasa hakujua kama aliwahi kuwa naye.

Wiki ya tatu Wilkista alikuja na wazee wawili wa kanisa. Mzee Hiram alieleza kwamba Jumapili ni Meza ya Bwana, na kiongozi hawezi kuikaribia akiwa na ugomvi na jirani. Nasambu hakuulizwa lolote. Mzee alisema wafumbe macho, akaomba ombi refu, akashukuru kwamba dada hawa wawili wamesameheana, uchungu umeng'oka, mambo yamekwisha kabisa, katika jina la Yesu.

"Amina," akasema Nasambu.

Lilimtoka lenyewe. Tangu utotoni, ombi likifika hapo, ulimi wake ulijua kazi yake. Alipofumbua macho, Mzee Hiram anatabasamu na Wilkista ameshanyoosha mkono. Akaupokea, angefanyaje? Walikunywa chai yake wakaondoka wameridhika, naye akabaki na vikombe. Siri yake ilichukuliwa, na sasa hata msamaha wake wameondoka nao kabla hajautoa.

Asubuhi yake alikuwa shambani akipalilia. Alilitupa jembe katikati ya mstari, akazunguka ua, akamkuta Wilkista peke yake katika mahindi yake.

"Ile amina ya jana ni mazoea tu," akamwambia. "Mimi bado sijakusamehe."

"Si tuliomba, Mama Agneta?"

"Wewe ukiomba, mimi naumia. Leo usiombe. Niambie mimi."

Wilkista akaanza ati alikuwa na mzigo moyoni. Nasambu akamngoja tu. Akasema tena, ati alitaka Nasambu asaidiwe. Nasambu akazidi kungoja.

"Nilitaka kile kiti," Wilkista akasema mwishowe, bila kumtazama. "Nilijua utapita wewe. Sikuwa na kitu kingine cha kukushinda nacho."

Liliuma kuliko lile la kwanza, lakini angalau lilikuwa la kweli. Nasambu alilia pale pale kwenye mahindi, na Wilkista hakuthubutu kumgusa.

"Basi nimekusamehe," akasema alipomaliza. "Sitalipiza, wala sitakutangaza kwa mtu. Lakini kwangu usije mpaka nikuite."

Jumapili wote wawili walishiriki Meza ya Bwana, mmoja huku, mwingine kule. Kila asubuhi Nasambu alilitaja jina la Wilkista katika maombi yake. Siku nyingine lilimshinda, akaliruka, akalijaribu tena kesho yake.

Septemba ng'ombe wake alizaa. Maziwa yalipokuwa tayari kunywewa, Nasambu alisimama uani akaita, "Wilkista, leta jagi."

Wilkista alikuja mbio, hata leso hajaifunga vizuri. Walikaa mpaka jua likainama, yeye akisimulia habari za watoto na za shamba, akikosea maneno kwa furaha. Nasambu alimsikiliza, akacheka panapochekesha, akamjazia jagi. Habari zake mwenyewe hakumwambia.