Nilipomwondoa Mkubwa Kabla ya Walinzi

Asubuhi moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: asubuhi niliyoamini kwamba nitamaliza kazi ya wiki nzima kabla ya chai.

Ilikuwa hapa Bunia, kwetu Ituri, miaka ile bunduki zilipokuwa zimenyamaza lakini hakuna aliyezisahau. Ujana ulikuwa umeshanipita, ila katika kazi ya kompyuta nilikuwa mbichi. Nilikuwa na diploma ya sekondari. Mengine nilijifunzia kazini, na kiburi nilijipa mwenyewe.

Ofisi yetu ilitafuta watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Picha zao zilikaa ndani ya seriva, zile mashine zinazotunza kazi ya ofisi nzima. Nyingine zilitumia mfumo wa Windows. Ile ya picha ilitumia mfumo mwingine, Linux. Kila moja ilikuwa na programu ya ulinzi, mlinzi asiyelala, wa kuzuia virusi na wezi, na walinzi wote walipokea amri kutoka mashine moja niliyoiita mkubwa wao. Sasa tulikuwa tumepata ulinzi mpya. Wa zamani walipaswa kutoka, maana walinzi wawili kwenye mlango mmoja hushikana mashati.

Mimi nikaanza na mkubwa. Nilidhani akiondoka yeye, wadogo watafuata. Nikamfuta. Kisha nikaenda kwenye Windows, na mlinzi wa kwanza akaniuliza neno la siri, ambalo mkubwa peke yake ndiye aliyekuwa nalo. Hapo nilipaswa kusimama. Lakini kutangulia si kufika, na mimi nilikuwa nimeshajihesabu nimefika. Nikahamia kwenye Linux, ambako nilikuwa na mamlaka yote, nikafuta folda ya mlinzi kwa mkono, nikazima mashine na kuiwasha upya. Ikawaka, ikakataa kumfungulia mtu yeyote, hata mimi.

Kwenye benchi la mlangoni alikaa Mama Veronika, aliyekuja kwa pikipiki kutoka upande wa Bambu. Alikuwa ameambiwa kwamba huenda mwanawe, Dieudonné, yuko kwa familia moja kule Ariwara. Alitakiwa aione picha, aseme ni yeye au si yeye. Gari letu lilikuwa linaondoka kwenda huko mchana uleule, na barabara ya siku zile ilifunguka siku ilipotaka yenyewe.

Nikamwambia, "Mama, mashine iko mugonjwa. Rudia wiki ingine."

"Jana walisema iko muzima. Nani aliigusa?"

"Ni miye."

"Basi usinirudishe. Mwenye aliharibu anajua fasi aliharibia." Akavua viatu, akaviweka chini ya benchi. "Miye niko hapa."

Nikaenda kwa shefu wetu, Muzee Anselme, nikamweleza. Akavua miwani.

"Ulianza kutoa nani?"

"Mukubwa yao, shefu."

"Weye uko mutu wa Ituri kweli? Siye wote tuliona. Mukubwa anapanda ndege, watu yake wanabaki mu pori na silaha. Nani sasa atawaambia waziweke chini?"

Akaivaa tena miwani.

"Na ule wa Linux, ulimuaga ao ulimuua?"

"Nilimuua."

"Haya. Yeye amekufa, lakini nyumba ingali inaita jina yake. Enda utafute fasi inamuitia."

Mwanangu, kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Niliwasha ile mashine kwa diski ya uokoaji, ambayo huiwasha bila kupita mlango wake uliofungwa. Nikasoma mafaili ya kuingilia, mstari kwa mstari. Kumbe palibaki mstari mmoja ulioiambia mashine isimfungulie mtu kabla ya kumuuliza mlinzi. Nikatunza nakala ya lile faili, nikaufuta mstari, nikawasha upya. Ikaniuliza jina langu. Ikafunguka.

Sijawahi kushinda vita yoyote, lakini siku ile nilitembea kwenye korido kama jemadari. Mama Veronika akaja pekupeku, akainama mbele ya kioo cha kompyuta. Picha ikatokea. Akacheka.

"Ni yeye. Angalia, meno ya mbele imeota."

Muzee Anselme, ambaye hata kanisani hakupiga makofi, alipiga meza mpaka kalamu zikaanguka, akatoka mwenyewe kumsimamisha dereva ili mama apande. Gari liliporudi kutoka Ariwara, Dieudonné alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, naye hakutaka tumwamshe.

Mkubwa tulimrudisha kutoka nakala ambayo Muzee Anselme alikuwa ameitunza bila kuniambia, labda kwa kuwa alinijua. Tukaanza upya, kwa utaratibu, na hakuna seriva iliyogoma tena.

Basi nikuachie hili. Ukitumwa kuondoa mlinzi, kwanza tunza nakala ya mashine, uhakikishe inafunguka. Mkubwa awe wa mwisho kuondoka, maana ndiye mwenye neno la siri la kuwaachia wadogo. Kila mlinzi muage kwa njia aliyoingilia: wa Windows kwa programu yake ya kujiondoa, wa Linux kwa programu iliyomleta, wala usifute folda kwa mkono. Jaribu kwenye mashine moja isiyo na kazi muhimu, iwashe upya, utazame kama kuna kitu bado kinamwita. Na mashine isiyo na mlinzi ichomoe kwenye intaneti mpaka mpya ashike zamu.

Ila kinachoniuma hadi leo si mashine. Ni lile neno "mugonjwa" nililomwambia mama yule. Ukiharibu, sema ni wewe, na umwambie kwanza yule anayengoja.

Mungu akupe mikono mipole na ulimi usiojificha. Na yeyote atakayekaa kwenye benchi lako, asiondoke kabla hajaona alichokifuata.