Magige na Wengineo

Magige alikuwa mwandishi wa gazeti Migori enzi zile habari zilipopelekwa Nairobi ndani ya bahasha, kwa basi. Nafasi ilikuwa finyu, na neno lililomwokoa lilikuwa moja tu: wengineo. Kwenye mkutano wa chifu, viongozi wengineo walikuwa wale waliofika yeye keshaondoka. Kwenye ajali, abiria wengineo ni wale ambao hospitali ilimnyima majina yao. Kwenye harusi, wageni wengineo ni wale aliokula nao pilau akasahau kuwauliza wanaitwa nani. Mhariri hakulalamika hata siku moja.

Basi, mazoea yana taabu. Baba yake alipofariki, Magige ndiye aliyeandika tangazo la gazetini. Na watu wa huku hulisoma tangazo la kifo kama hati ya shamba. Jina lako lisipokuwemo, wewe si wa boma lile. Magige akaorodhesha ndugu zake wa kiume, wake zao, hata wajukuu wa Isebania, akaona mistari inakwisha, akamalizia: na wengineo. Aliyetumbukia humo ni Mellen, dada yake mkubwa aliyembeba mgongoni, aliyeolewa Mbita. Mellen alimzika baba, akajifunga leso yake, akaenda zake. Kwa miaka kumi na mmoja hakukanyaga boma.

Siku hizi Magige, mvi tele, husoma matangazo ya asubuhi kwenye redio ndogo mjini, inayosikika hadi Mbita. Mwaka huu binti yake Emmaculate alipata mchumba, na wazee wakasema wazi kwamba posa haitapokelewa shangazi asipokuwepo. Magige alimpigia Mellen simu mara nne. Hakupokea. Mzee wa watu akaona aibu, na ilimstahili.

Jumamosi, alipomaliza tangazo la ng'ombe waliopotea Masara, alikohoa kidogo akasoma:

"Masahihisho. Katika tangazo la kifo cha baba yetu, mwandishi aliacha jina la kifungua mimba wa marehemu, Mellen. Mwandishi alikosea. Anaomba radhi."

Byron, fundi wa mitambo, alimkodolea macho hadi akasahau kuweka wimbo.

Simu iliita Magige akiwa bado kitini. Alianza salamu, Mellen akamkatiza.

"Magige, hiyo tangazo nimesikia. Lakini majirani yangu wote walikuwa ufuoni wananunua omena. Soma tena kesho, wakiwa nyumbani. Na useme mahali nimeolewa. Wakisikia, nitakuja."

Magige aliitikia, ndiyo dada, ndiyo dada, machozi yakimtiririka mbele ya Byron bila haya. Jumapili akasoma, akataja Mbita na jina la mume. Jumatatu akasoma tena bila kuambiwa na mtu. Jumanne Mellen akafika na begi kubwa, wiki mbili nzima kabla ya posa.