Kengele ya Nkuba

Kutoka mlimani hadi soko la Soweto, Mbeya, palikuwa na njia mbili za baiskeli. Ndefu ilikuwa ya wanaojifunza. Fupi, yenye mteremko mkali, ilikuwa ya waliozoea, nao walifunga tawi nyuma likiburutwa ili kupunguza mwendo. Kwenye kona ya hiyo fupi ndipo Nkuba alipofia na gunia lake la viazi, mwaka 1974.

Tangu hapo, kila ukungu uliposhuka, mjane wake Ng'washi alisikia kengele ikilia konani. Akaing'oa kengele kwenye baiskeli ya marehemu, akaificha chunguni, ipate kunyamaza.

Leo mwanawe Budeba alishika njia fupi kwa baiskeli hiyo kwa mara ya kwanza. Ukungu ukatanda. Ng'washi, moyo juu, akasikia kengele.

Jioni Budeba alirudi akicheka. "Mama na woga wako! Wamama wa ndizi walinipisha konani hata sijawaona. Eti wamesikia kengele."

Ng'washi akafunua chungu. Kengele ilikuwemo. Akaifunga usukanini.

"Usiitoe, mwanangu. Baba yako amechoka kukupigia."