Kaimati za Mke wa Fundi

Idd iliyopita nilikuwa Unguja kufuata mzigo. Ndiyo, mimi huyu niliyeishia darasa la nne. Leo malori yangu yanajulikana Tarime nzima, uliza yeyote pale Bomani. Basi nimekaa barazani kwa mwenyeji wangu, naona watoto wa mtaa na nguo zao mpya wanaingia nyumba hadi nyumba, wanasalimia, wanakula, wanatoka. Chai ikanishinda.

Maana, ndugu yangu, sikukuu ya namna hiyo niliionja zamani nikiwa mtoto, kijijini Nyansurura. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari, tukapata jirani fundi cherehani na mkewe, mama wa Unguja asiyejaliwa mtoto. Idd ya kwanza akapika kaimati, akatandika mkeka mlangoni, akasubiri watoto. Nani aende? Sisi tulifundishwa kwamba mtoto anayezungukia vyakula vya watu anaaibisha kwao. Jua likapanda, sinia halijaguswa. Bibi yangu alikuwa anapepeta ulezi. Akamtazama yule mama, akamtazama, kisha akaniambia niwakusanye wenzangu twende, tena tunawe kwanza.

Tulikula! Vidonge vya unga vilivyokaangwa, vinanata shira, na sukari enzi zile ilikuwa ya foleni duka la ushirika, aliibania miezi. Mwenyewe hakula hata kimoja. Alitupangusa midomo kwa kanga yake, akimuuliza kila mmoja alizaliwa msimu gani. Akasema kwao mtoto huja kila Idd mpaka aoe. Nikamwahidi nitakuja.

Mwaka uliofuata Bibi alikuwa ameshafariki, na mimi nimetahiriwa. Kwetu ukishatoka jandoni wewe ni mwanaume, huli tena jikoni kwa akina mama. Asubuhi ya Idd tunapita na fimbo zetu, kifua mbele. Yule mama akaniona.

"Mwanangu, kaimati zinapoa."

Mwenzangu akacheka: "Nenda basi, unaitwa ukanyonye."

Sikugeuka. Na wadogo, walipoona wakubwa tumepita, nao wakapita. Jioni nilimwona anaingiza sinia ndani, limejaa vilevile. Kabla ya Idd nyingine fundi alifunga cherehani yake, wakahama.

Siku hizi sikukuu nachinja ng'ombe mzima. Wanaokula ni madereva na wapangaji. Wanangu wanapiga simu tu. Nikifikiria kumtafuta yule mama, sijui nianzie wapi. Sisi tulimwita mke wa fundi, basi. Yeye majina yetu aliyajua yote.